Sura ya Saba: Njia Ndefu ya Kwenda Mull

Wengi wanaotoka kusini mwa Uingereza kwenda likizo Uskoti huihesabu barabara kuwa deni la kulipwa kabla ya raha. Huamka alfajiri, hujaza mafuta, hushika M6 na hawashuki mpaka kiuno kianze kulia. Kutoka Oxford hadi bandari ya Oban ni zaidi ya kilomita 700, na dereva mwenye moyo mgumu huzimaliza kwa siku moja. Sikushauri ufanye hivyo. Familia yetu hupanda kwa upande wa mashariki, hulala njiani, hupinda kila panapostahili kupindwa, na hufika kisiwani Mull likizo ikiwa imekwisha anza siku nyingi. Kinachotupindisha ni ndege.

Nimeipenda njia hii kwa sababu moja ambayo sura hii nzima inaizungumzia. Karibu kila ndege mkubwa utakayemwona humo alikwisha kufutwa katika nchi hiyo, au alikaribia kufutwa, kwa bunduki, kwa sumu na kwa tamaa ya mayai. Leo yupo kwa sababu watu wa mwaka fulani walikaa wakaamua awepo, wakatunga sheria, wakakesha, wakasafirisha vifaranga kwa ndege za jeshi. Mpitaji akiyajua hayo, safari inakuwa na uzito mwingine.

Mwezi mzuri ni Mei mwishoni, shule zinapofunga nusu muhula, au wiki za kwanza za Juni. Ndege wa baharini wako kwenye viota, na kaskazini jua huzama baada ya saa nne usiku, kwa hiyo siku ni ndefu kweli kweli. Kwa anayeswali, Isha inasogea karibu na usiku wa manane, na ni vyema kulijua hilo kabla ya kupanga saa za kulala. Chukua darubini inayokuza mara nane. Zinazokuza zaidi hutetemeka mkononi, na mtoto hawezi kuzituliza. Kila mtu awe na yake kama mfuko unaruhusu, maana darubini moja kwa watu wanne ni ugomvi wa safari nzima.

Darasa la kwanza huanza mapema mno, kwenye M40, pale barabara inapokata vilima vya chaki vya Chiltern. Tazama juu, ila si wewe dereva. Mwewe wekundu huelea juu ya magari, mkia umegawanyika panda, wakiupinda kushoto na kulia kushika upepo. Watoto wanaokua huko huwaona kila siku na hudhani walikuwepo tangu zamani. Lakini kufikia mwisho wa karne ya 19 hapakuwa na mwewe mwekundu hata mmoja aliyezaa Uingereza wala Uskoti. Jozi chache tu zilijificha katika mabonde ya Wales. Wafugaji wa ndege wa kuwindwa waliwaua, wakusanyaji waliiba mayai yao. Mwaka 1989 ndipo kazi ya kuwarudisha ilipoanza sehemu mbili kwa pamoja: hapo Chiltern, kwa ndege walioletwa kutoka Hispania, na kaskazini ya Uskoti karibu na Inverness, kwa ndege wa Uswidi. Sasa jozi zao zinahesabiwa kwa maelfu. Kuanzia mwaka 2022 vifaranga wa Uingereza wamekuwa wakipelekwa Hispania, kwa sababu huko nako mwewe wamepungua. Deni limelipwa kwa jinsi ile ile lilivyokopwa, na mimi sijui habari ya uhifadhi inayonifurahisha kuliko hiyo.

Baada ya hapo kuna kipande kirefu cha barabara kuu ambacho sina la kukisifia. Pita. Kula chapati zako na chai ya tangawizi kwenye kituo cha mapumziko, nyosha miguu, endelea hadi Yorkshire, kisha acha barabara kuu uelekee pwani, Bempton.

Bempton ni ukuta wa chaki nyeupe unaoshuka baharini kiasi cha mita 100. Utasikia harufu kabla hujaona kitu, harufu ya samaki na mavi ya ndege, halafu kelele, na ukifika kwenye uzio ukainama kidogo utawaona: kwenye kila ubao wa mwamba, hata ule mwembamba kama kiganja, wamesimama ndege. Kati ya Machi na Oktoba karibu ndege nusu milioni hukusanyika hapo. Gilimoti husimama bega kwa bega, weusi mgongoni na weupe kifuani, na kila jozi hutaga yai moja juu ya mwamba mtupu bila kiota. Pafini, wenye midomo ya rangi, huingia katika nyufa. Kitiweki, aina ya shakwe mdogo mwenye macho ya upole, hugandisha viota vyao vya matope ukutani.

Juu ya wote ni ganeti. Ganeti ni mweupe, kichwa kimepakwa manjano ya siagi, ncha za mabawa nyeusi, na mabawa hayo yakifunguka yanakaribia mita mbili. Mtazame akivua. Huenda juu, hata mita 30, huona samaki, hufunga mabawa na kujiachia, na huyagonga maji kwa mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa. Ana vifuko vya hewa chini ya ngozi ya kichwa na kifua vya kupokea pigo hilo. Binti yetu alisimama kwenye uzio ule akakataa kuondoka hata kwa ahadi ya aiskrimu, na mama yake akaniambia tumwache, barabara haikimbii.

Katika karne ya 19 watu walikuwa wakija na boti chini ya miamba hiyo kwa burudani ya kupiga risasi. Waliua ndege wakiwa na vifaranga, wakawaacha vifaranga wafe njaa ukutani. Mabawa ya kitiweki yalikwenda mijini kupamba kofia za wanawake. Wakazi wa pale, mapadri wao na wavuvi wao, walichoka. Wavuvi walikuwa na hoja yao, maana katika ukungu sauti za ndege huwaambia mwamba uko wapi. Mbunge wao, Christopher Sykes, aliipeleka hoja bungeni, na mwaka 1869 ikapita sheria ya kuwalinda ndege wa baharini katika miezi ya kuzaa. Ilikuwa miongoni mwa sheria za mwanzo kabisa za kulinda ndege wa porini nchini humo. Ilikuwa sheria dhaifu, haikugusa mayai, na wanaume wa kijiji waliendelea kushuka kwa kamba kukusanya mayai ya gilimoti mpaka sheria ya mwaka 1954 ilipowazuia. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa. Ukisimama Bempton leo unasikia sauti ambayo ingezimwa.

Siku ya pili ni ya Northumberland. Mji mdogo wa Seahouses una bandari, na bandarini kuna boti za kwenda visiwa vya Farne. Weka nafasi mapema, na ulizia kama boti inashusha watu au inazunguka tu. Mafua ya ndege yalipoingia mwaka 2022, watu walizuiwa kukanyaga visiwa kwa misimu miwili, na ndege waliokufa walihesabiwa kwa maelfu. Kisiwa cha Inner Farne kilifunguliwa tena mwaka 2024.

Vaa kofia. Simaanishi kofia ya jua. Buabua wa Aktiki hutaga kando ya njia ya watembeaji, naye humshukia kila apitaye, akimdonoa utosini kwa mdomo mwekundu mkali unaoweza kutoa damu. Ana uzito wa gramu 100 hivi. Nawapenda ndege hawa kwa ujasiri huo, na ninawaheshimu zaidi kwa safari yao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle waliwafunga baadhi yao vifaa vidogo miguuni mwaka 2015. Mmoja aliondoka Farne mwezi wa Julai, akashuka pwani ya magharibi ya Afrika, akazunguka Rasi ya Tumaini Jema, akaingia Bahari ya Hindi, kisha akateremka hadi Antaktiki; akarudi Farne Mei 2016 akiwa ameruka kilomita 96,000. Na buabua anaweza kuishi miaka 30. Mtu aliyechoka kwa kuendesha gari kutoka Oxford na amwangalie huyu kwanza.

Kwenye visiwa hivyo utakuta pia bata wa baharini aitwaye aida, jike lake la rangi ya kahawia limelala juu ya mayai hatua mbili kutoka njiani, halitikisiki. Ndiye anayetoa manyoya laini yaliyojazwa kwenye mablanketi ya matajiri. Mtawa Cuthbert aliyekaa peke yake Inner Farne katika karne ya 7, akafia hapo mwaka 687, husimuliwa kwamba aliwakataza watu kuwaua bata hao na kula mayai yao. Wakazi wa pwani hiyo bado humwita aida kwa jina la mtawa huyo.

Kutoka Seahouses barabara ya A1 inavuka mpaka juu ya Berwick, bahari ikiwa mkono wa kulia. Hapo utalala North Berwick, mji wa Uskoti licha ya jina linalochanganya wageni, na ukichungulia dirishani utaona jiwe kubwa limesimama majini, jeupe kileleni. Weupe huo ni ganeti. Bass Rock lina kimo cha mita 107, lilikuwa gereza katika karne ya 17, na mwaka 2014 vilihesabiwa hapo zaidi ya viota 75,000, idadi kubwa kuliko koloni lolote la ganeti duniani. Miaka tisa baadaye, baada ya mafua ya ndege kupita, hesabu ilikuwa imeshuka kwa karibu theluthi moja. Katika majira ya mwaka 2022 mizoga ilijaa fukwe. Waliopona wengine walibaki na alama: jicho la ganeti, ambalo kwa kawaida ni la buluu hafifu, limegeuka jeusi. Nahodha akisogeza boti karibu, tafuta jicho jeusi kwa darubini. Utamwona aliyeugua akaishi.

Sipendi kuipita habari hii haraka ili kuihifadhi raha ya likizo. Sheria iliyozuia risasi haizuii virusi, wala haizuii bahari kupata joto na samaki wadogo kuhama. Waliopigania ndege wa baharini mwaka 1869 walijua adui ni nani na boti yake imefungwa bandari gani. Wa leo wana kazi ngumu zaidi.

Baada ya hapo unavuka mlango wa mto Forth kwa daraja la Queensferry, lililofunguliwa mwaka 2017, ukiliona pembeni daraja jekundu la reli la mwaka 1890 ambalo bado linabeba treni. Kisha Perth, kisha A9. Hii ni barabara ya kuheshimu. Mahali ina njia mbili kila upande, mahali moja, inabadilika badilika, na kamera zake hupima wastani wa mwendo wako kwa masafa marefu, kwa hiyo kupunguza kasi mbele ya kamera na kukanyaga mafuta baada yake hakukusaidii. Kumbuka vibao vyote ni vya maili. Njia ya Drumochter inapanda hadi mita 460 hivi, vilima viko uchi pande zote, na hata Mei unaweza kuona theluji juu.

Upande wa pili ni Hifadhi ya Taifa ya Cairngorms, kubwa kuliko zote za Uingereza na Uskoti, na ndani yake msitu wa misonobari wa Abernethy na ziwa liitwalo Loch Garten. Mwaka mmoja mama mkwe wangu alitutembelea kutoka Tanga, tukamchukua. Hakuwa na haja na ndege. Alikuja kwa ajili ya wajukuu. Lakini tulipofika kwenye kibanda cha kutazamia, akashika darubini, akanyamaza kidogo, akasema:

"Mwanangu, huyu si furukombe?"

"Ndiye, Mama."

"Tunaye kwetu. Hukaa kwenye miti ya mikoko akisubiri kupwa. Kafuata nini baridi hii?"

Nikamweleza. Furukombe huzaa kaskazini na hukimbilia joto majira yakigeuka. Wale wa Uskoti hushika pwani ya magharibi, Senegali na Gambia, na wanaofika kwetu hutokea mashariki zaidi ya Ulaya. Lakini ni ndege yule yule, mwenye utepe mweusi machoni na makucha ya kumbania samaki. Uskoti ilimpoteza mwaka 1916, baada ya miaka mingi ya bunduki na wezi wa mayai. Mwaka 1954 jozi moja ilikuja yenyewe, bila kuletwa na mtu, ikajenga Loch Garten. Shirika la kulinda ndege, RSPB, chini ya George Waterston, likaweka walinzi wa mchana na usiku. Hata hivyo mwaka 1958 mwizi alipanda mti usiku, na badala ya mayai ya furukombe aliacha kiotani mayai ya kuku yaliyopakwa rangi ya viatu.

Mama alishusha darubini. "Rangi ya viatu?"

"Ya kahawia, Mama."

"Na wao wakafanyaje?"

Walifanya jambo ambalo hadi leo nalistaajabia. Siri ilikuwa imeshindwa, basi wakaivunja. Mwaka 1959 waliuzungusha mti waya wa miba, wakajenga kibanda, wakaweka darubini kubwa, wakautangazia umma: njooni muone. Maelfu walikuja msimu huo huo, na vifaranga watatu wakaruka. Tangu hapo waliofika pale wamepita milioni mbili. Taifa zima likawa mlinzi wa kiota kimoja, na leo furukombe wana mamia ya jozi. Ukiuliza watalii wa ndege walitokea wapi katika nchi hii, mimi nitakuonesha mti huo.

Kutoka Abernethy shika A86 kuelekea magharibi hadi Spean Bridge, pita Fort William, fuata ukingo wa bahari hadi Oban. Ni barabara ya kona nyingi na ya uzuri unaochosha macho. Oban kwenyewe, ukisubiri feri, usikae ndani ya gari: tembea ukutani mwa bandari uangalie mashimo ya mawe, maana gilimoti weusi wenye miguu myekundu huzaa humo humo katikati ya mji. Feri ya kwenda Craignure, kisiwani Mull, huchukua kama dakika 50.

Mull ina barabara za njia moja zenye sehemu za kupishana. Adabu yake ni rahisi. Aliye karibu na sehemu ya kupishana ndiye anayesubiri, mkono huinuliwa kushukuru, na mgeni anayetambaa akitazama milima humpisha mwenyeji anayewahi kazini. Sehemu hizo si maegesho ya kutazamia tai. Jioni zisizo na upepo utakutana na visubi. Jike ndilo linalouma, nalo halichagui mgeni. Mikono mirefu na dawa ya kupaka.

Tai wa bahari mwenye mkia mweupe ana mabawa ya hadi mita 2.4, na akipita juu ya gari kivuli chake hukushtua. Wa mwisho wa asili alipigwa risasi Shetland mwaka 1918. Kati ya 1975 na 1985 makinda 82 yaliletwa kutoka Norwe kwa ndege za jeshi la anga, yakaachiwa kisiwani Rum. Miaka kumi ilipita bila kifaranga hata mmoja, na watu wakaanza kusema fedha zimepotea. Kisha mwaka 1985 akaruka kifaranga wa kwanza, hapa Mull. Leo watalii wanaokuja kuwaona tai hao huingizia kisiwa mamilioni ya pauni kila mwaka. Wafugaji wa kondoo wanalalamika kwamba tai huchukua wanakondoo, na hawasemi uongo, ingawa hasara hutofautiana shamba na shamba. Mpango wa kuwasaidia upo, nami naona ni haki ugharimiwe na wote, kwa sababu furaha ya kumwona tai ni ya wote.

Mwisho wa barabara ni Fionnphort, na mbele yake, dakika kumi kwa feri, kisiwa cha Iona ambako mtawa Columba alitua mwaka 563. Magari ya wageni hayavuki. Nenda kwa miguu, na kabla ya kanisa kuu tafuta shamba lenye mimea ya aira au upupu wa Ulaya. Utasikia kekeo akiita kutoka kilimani, naye vifaa vya kufuatilia vilivyoanza kutumika mwaka 2011 vimeonesha kwamba kekeo wa Uingereza hupitisha majira ya baridi katika misitu ya Kongo. Halafu, kutoka majanini, utasikia mkwaruzo mkavu, mara mbili mbili, kama ukucha unaopitishwa kwenye meno ya kitana. Huyo ni kornkreki, wa jamii ya kukuziwa, rangi ya majani makavu, ambaye naye huvuka Sahara kila mwaka na kurudi kwenye mashamba haya ya nyasi.

Mashine za kukata nyasi ndizo zilizommaliza karibu nchi nzima. Zilikata mapema, kutoka ukingoni kwenda katikati, na vifaranga walisukumwa kwenye kisehemu cha mwisho wakakatwa humo. Wakulima wa visiwa hivi sasa hulipwa ili wasubiri hadi Agosti, waanzie katikati wakienda nje, ndege wapate pa kukimbilia. Inafaa, lakini haina uhakika: mwaka 2014 madume waliosikika Uskoti walizidi 1,200, na miaka michache baadaye walikuwa chini ya 900.

Kwa hiyo ukifika Iona, tafadhali baki barabarani. Usiingie kwenye nyasi ndefu kumtafuta, usimchezee sauti yake kwa simu ili atokee. Kumsumbua akiwa kiotani ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1981, na mtoto wako atatii ukimweleza sababu. Sauti utaisikia vizuri kutoka pale pale uliposimama.